Kipime siku kinapokwama: kaseti, MiniDisc na memori kadi

Mwezi uliopita redio kaseti yangu ilikula kanda. Waliopitia wanajua: sauti inaanza kulegea kama ya mtu anayesinzia, inavutika, halafu kimya. Ukifungua kimlango unakuta utepe umejiviringisha kwenye kile kigurudumu cha mpira, tabaka juu ya tabaka. Kanda yenyewe ni ya dakika 90, na juu yake pameandikwa kwa wino wa bluu "Harusi ya Ami, upande wa wanawake". Ilirekodiwa Tanga, uani kwa bibi, na wengi wa wanaosikika humo wameshatangulia mbele ya haki.

Nikachomoa waya ukutani. Nikaunasua utepe taratibu kwa kibanio cha nywele. Ulikuwa umekatika mahali pamoja, na kama urefu wa shubiri moja ulikuwa umekunjamana vibaya. Nikafungua skrubu tano, nikakata kwa wembe pale palipoharibika, kwa mshazari, nikaziunga ncha mbili kwa selotepu upande wa mgongo, ule usiogusa hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe. Kipande nilichokikata nikakitia kwenye kiberiti kitupu, kwa mazoea tu. Nikafunga, nikauzungusha kwa kalamu ya Bic hadi ukakaza, nikafuta hedi kwa pamba na spiriti, nikabonyeza. Ikaimba.

Utepe wa kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Shubiri yangu ni kama sentimita 20. Kwa hiyo nilipoteza sekunde nne, na nne nyingine upande wa pili, maana utepe ni mmoja.

Nimeanza na sekunde hizo kwa sababu mabishano ya kulinganisha vyombo vya kurekodia na kupigia muziki huanzia kwingine kabisa, kwenye usafi wa sauti. Hapo kaseti haina lake. Ina mvumo, inameza sauti za juu, na mawe ya redio yakichoka mwimbaji anageuka mlevi. Mimi nimerekodi kwa kaseti, kwa MiniDisc (ile diski ndogo ya Sony), kwa simu na kwa hivi virekoda vidogo vya kadi. Siku hizi mtu akiniuliza kipi bora, namuuliza nami: kikikwama, kinaondoka na nini?

Philips waliionyesha kaseti kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Walioiunda walikuwa Hasselt, Ubelgiji, wakiongozwa na mhandisi wa Kiholanzi Lou Ottens, aliyefariki 2021 akiwa na miaka 94. Hawakuwa wakifikiria muziki sana. Walitaka kitu cha kurekodia maneno, imla za ofisini na mahojiano, ndiyo maana utepe ukafanywa mwembamba, milimita 3.81 kwa upana, na mwendo wake ukawa wa kobe. Studio za wakati ule ziliendesha utepe mpana zaidi kwa sentimita 38 kila sekunde. Kaseti inabanisha kwenye uzi mmoja mwembamba kile ambacho studio ilikitandaza kwenye mkeka, na ule mvumo ndio bei ya kubana huko. Philips wakawaruhusu wengine waitengeneze bila kulipia leseni, mradi wafuate vipimo vyao, na kwa sababu hiyo kanda iliyorekodiwa kwenye mashine ya Kijapani ikapiga kwenye mashine ya Kijerumani na kwenye ile isiyo na jina iliyonunuliwa mnadani.

Umbile hilo la kimaskini lilikuwa na fadhila moja ambayo sidhani kama wahandisi waliihesabu. Kwenye kaseti sauti imelala kwa urefu, kama nguo kwenye kamba. Dakika ya kumi iko mahali pake, unaweza kuiwekea kidole. Ikiharibika sentimita moja, umepoteza sentimita moja. Ukungu ukiingia, na kwa unyevu wa pwani huku lazima uingie, sauti inafifia mwaka hadi mwaka, nawe una muda wa kuona maradhi yanakuja na kukimbilia kudabu, yaani kunakili kwenye kanda nyingine.

Shangazi mkubwa ndiye aliyeirekodi harusi ile. Hakuwahi kusoma kitabu cha maelekezo cha mashine yoyote. Alijua vitufe viwili vinabonyezwa pamoja, kimoja kina alama nyekundu, basi. Alijua pia kwamba kanda usiyotaka ifutwe unaivunja vile vijino viwili vya nyuma, na ukibadili mawazo unaziba tundu kwa karatasi iliyokunjwa. Na alikuwa na msimamo mkali kuhusu kanda za dakika 120: hazitaki. Alikuwa na haki. Utepe wa kanda ya 60 una unene wa kama maikroni 18 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wa 90 kama 12, na wa 120 kama 9 tu. Saa mbili hizo zinapatikana kwa kuukonda utepe, na utepe uliokonda ndio wa kwanza kuliwa. Ndiyo maana taarab za nyumbani kwetu zimekatwa kila baada ya dakika 45, hata kama mwimbaji yuko katikati ya ubeti na watu wamesimama kutunza. Unasikia kle! ya mashine, kisha upande wa pili unaanza na vigelegele vya jambo usilolijua.

Mwaka 1979 Sony walitoa Walkman ya kwanza Japani, na hapo pana kichekesho. Mashine hiyo ilizaliwa kutokana na kirekoda kidogo cha waandishi wa habari. Wakaondoa sehemu ya kurekodi, wakaingiza stereo na vipokea sauti vya kichwani. Iliyoitangaza kaseti duniani kote kama chombo cha muziki wa kutembea nao ilikuwa haiwezi kurekodi hata kikohozi. Huku kwetu iliyotamba ni redio kaseti, na tofauti ni kubwa. Redio kaseti ilikuwa studio ya mtaa. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zao zilikuwa zikifyatuliwa Kenya. Asiyeipata santuri alisubiri kipindi hewani, kidole juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yakawa na jina kwa kanda za taarab, nyingi zikiwa na uhai wa ukumbini ndani yake: vikombe, watoto, mtu anaita jina la mtu.

Ubaya wake nao usifichwe. Urahisi ule ule uliomfaa shangazi ulimfaa pia mwenye duka la kudabu, ambaye alitoa nakala kwa mamia bila mpiga zeze kuona senti. Uingereza mwaka 1981 wenye makampuni ya muziki walianzisha kampeni ya kuwaambia watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, na nembo yao ilikuwa kaseti yenye mifupa miwili. Walikuwa wakililia biashara yao, lakini wanamuziki wetu, ambao hawakuwa na kampuni ya kuwalilia, waliumia zaidi. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, wakati kaseti ilikuwa tayari inaelekea jioni yake.

Warithi walijitokeza wengi. DAT, kanda ya kidijiti ya mwaka 1987, ilikuwa na sauti ya studio kwenye kasha dogo kuliko kaseti, na utepe wake, kwa bahati, ulikuwa na upana uleule wa milimita 3.81. Lakini hedi zake zilizunguka kama za video, na mashine ilikuwa na kengele ya umande: ikihisi unyevu inagoma. Jaribu kuishi na mashine ya namna hiyo Pemba wakati wa masika. DCC, kaseti ya kidijiti ya Philips ya 1992, ilijitahidi kuwa na adabu, ikakubali kupiga hata kanda za zamani. Watu hawakuona sababu ya kulipia zaidi kwa kitu kinachofanana na walicho nacho, na kufikia 1996 ilikuwa imezikwa. Hayo mawili yanatosha.

MiniDisc ni habari nyingine, na hapa nakiri nina upendeleo. Sony waliitoa mwishoni mwa 1992. Diski ya milimita 64 ndani ya kasha lake la plastiki, inaingia mfuko wa shati. Ufundi wake bado unanistaajabisha. Leza inalipasha moto doa dogo kwa kama nyuzi 180, joto ambalo linaufanya utando wa diski usahau sumaku yake ya zamani. Papo hapo sumaku iliyo upande wa pili inauandikia mpya, doa linapoa, limeshika. Kusoma ni kwa mwanga tu, hakuna kinachosugua, kwa hiyo diski haichakai kwa kupigwa. Sauti ilibanwa kwa mfumo wa ATRAC hadi kilobiti 292 kwa sekunde, kama moja ya tano ya CD, na kwa sikio langu taarab ilibaki taarab.

Kilichonikamata zaidi ni kwamba ilikuwa chombo cha mtu anayerekodi. Diski ya dakika 74 ukiiwekea mono, sauti ya njia moja badala ya mbili za stereo, inakupa 148, zaidi ya saa mbili bila kugeuza upande. Ukimaliza, palepale kwenye kiganja, bila kompyuta, unaukata wimbo mahali mzungumzaji alipokohoa, unafuta kikohozi, unahamisha wimbo wa nne uwe wa kwanza, unaandika majina herufi kwa herufi. Waandishi wa redio wa BBC waliitumia sana miaka ile, na kila aliyewahi kutafuta jibu moja la mzee kwenye kanda ya dakika 90, akipeleka mbele na kurudisha nyuma, anajua kwa nini.

Yangu nilinunuliwa Dubai, ya mtumba, na binamu. Jioni moja nikaenda nayo Pangani kwa mzee mmoja mpiga gambusi. Alipiga, akasimulia, akapiga tena. Alipochoka akauliza, "Imeingia, mwanangu?" Nikamjibu, "Imeingia, mzee." Nikabonyeza kusimamisha. Kwenye kioo yakatokea maneno TOC Edit yakipepesa. Mimi nikaona taa ya betri imefifia, na kwa haraka ya kijinga nikafungua kifuniko nikaitoa betri nibadilishe. Nilipowasha upya, kioo kikaniandikia kwamba diski ni tupu.

Kosa lilikuwa langu, kitabu cha maelekezo kinaonya. Ila tazama lilivyokuwa na adhabu. Sauti ya mzee ilikuwamo ndani ya diski, yote, saa nzima na zaidi. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye jedwali la yaliyomo, ndiyo hiyo TOC, lile linaloiambia mashine kwamba kuanzia hapa hadi pale pana kitu. Jedwali huandikwa mwishoni, na mimi niliukata mwisho. Ipo hila ya kuidanganya mashine kwa kuiazima jedwali la diski nyingine; niliisoma baadaye sana, nikiwa nimeshairekodia diski ile mambo mengine. Kanda ya shangazi ilivunjika mifupa ikabaki na sekunde nne pungufu. Diski yangu ilikuwa nzima, na haikuwa na kitu.

Halafu kulikuwa na kufuli. Sony kufikia wakati huo walikuwa na viwanda vya mashine na pia nyimbo zenyewe, maana walikuwa wameinunua CBS Records mwaka 1988. Mkono mmoja ulitaka kuuza virekoda, mwingine ukaogopa nakala. Vyombo vya kidijiti vya nyumbani vikapewa mfumo unaoruhusu nakala moja tu na kuzuia nakala ya nakala, na Marekani ikauingiza kwenye sheria mwaka 1992. Mwaka 2001 ilipokuja NetMD, MiniDisc ya kuunganishwa na kompyuta, nyimbo ziliweza kushuka kutoka kompyuta kwenda kwenye diski, lakini ulichokirekodi mwenyewe kwa maikrofoni yako hakikuweza kupanda kurudi. Sauti ya mama yako ilichukuliwa kama mali ya wizi hadi ithibitike vinginevyo. Hadi 2006 ndipo mashine ya MZ-RH1 ilipofungua mlango huo hata kwa diski za zamani, na kufikia hapo watu walikuwa wameshahamia kwenye MP3. Walkman za MiniDisc zilisimamishwa 2011, na Februari 2025 Sony wakaacha kutengeneza hata diski tupu. Husemwa kwamba bei ndiyo iliyoiua. Bei ilichangia, na huku kwetu ilitosha peke yake. Ila ninavyoona, kilichoiua huko ilikoweza kununulika ni kuchelewa kuwaamini wanaorekodi.

CD za kuchoma nazipita haraka, kwa sababu hazikuwa chombo cha kurekodia mfukoni. Ilibidi uwe na kompyuta. Zilichofanya ni kutuzoesha wingi. Diski moja ya megabaiti 700 ikijazwa MP3 za kilobiti 128 inabeba kama saa 12, na mtu aliyezoea kanda yenye nyimbo kumi akajikuta na 150 asizozijua majina. Tulizitunza kinyumenyume pia. Tulikuwa tukifuta na kulinda upande wa chini unaong'aa, kumbe taarifa zimelala karibu na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba, palepale tulipokuwa tukiandika kwa kalamu ngumu.

Simu ndiyo iliyorudisha alichokuwa nacho shangazi, kirekoda mkononi mwa kila mtu. Lakini simu za mwanzo zilirekodi kwa AMR, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde dhidi ya 44,100 za CD. Kila kilicho juu kidogo ya sauti ya mtu kinatupwa. Nina udi uliorekodiwa hivyo mwaka wa 2007, na unasikika kama mtu amepigiwa simu akaambiwa, "Sikiliza, kuna udi." Kaseti ya mwaka 1975 inaushinda bila jasho, jambo linalowaudhi vijana wanaoamini kwamba kipya daima ni kisafi.

Na memori kadi? Kwa kusikiliza, hakuna kilichowahi kuifikia. Kijana wa kibandani anakujazia gigabaiti mbili, ambazo ni zaidi ya saa 30, kabla chai haijapoa. Kwa kutunza, naiogopa. Kadi haina dalili. Haivumi, haitetemi, haikonyezi. Leo inaimba, kesho simu inakuomba uifomati. Zipo pia kadi bandia, zinazojitambulisha kuwa na gigabaiti 32 ilhali ndani zina chache. Zinaendelea kupokea nyimbo huku zikizikalia zilizotangulia, na unagundua siku unapoitafuta ile ya kwanza. Hakuna kibanio cha nywele kitakachokusaidia hapo.

Dijiti ina jibu lake, na ni jibu zito: nakala haipungui. Kaseti ukiidabu mara tatu unapata uji. Faili ukilinakili mara elfu ni lilelile. Kwa hiyo nikienda kumrekodi mzee leo, naenda na kirekoda kidogo cha kadi kinachoandika WAV, faili la sauti isiyobanwa, ambacho kwa gigabaiti 32 kinanipa kama saa 50 za ubora wa CD, na kabla sijalala nimeshanakili mahali pawili. Nacho kina ugonjwa wa MiniDisc, maana urefu wa faili huandikwa mwishoni na umeme ukikatika faili linabaki kiwete. Tofauti ni kwamba kompyuta yoyote yenye programu sahihi inaweza kulinyoosha, kwa sababu muundo wake hauna kufuli. Bado namtegemea binadamu akumbuke kunakili. Shangazi mkubwa hakutakiwa kukumbuka chochote. Aliiweka kanda kabatini, kati ya mashuka, akaisahau kwa miaka 30.

Shangazi mdogo aliolewa Muscat, na zamani hizo barua zake zilikuwa kanda. Upande A salamu kwa kila jina, ndefu kama Ijumaa. Upande B aliuacha mtupu ili tumjibie humohumo na kumrudishia kwa msafiri. Sasa anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, kila asubuhi, na hakuna anayeuhifadhi.

Nilipomaliza kuiunga kanda ya harusi niliiingiza kwenye kompyuta, dakika 90 kwa dakika 90, kwa sababu kaseti haiharakishwi. Pale kwenye kiungo mwimbaji anaanza neno, inasikika tap, kisha vigelegele. Mpwa wangu akaituma kwenye kundi. Jioni shangazi mdogo akajibu kwa sauti, sekunde 40 hivi. Ameisikiliza yote, amelia, ametaja waliokufa mmoja mmoja. Kisha akauliza mbona pameruka, maana pale ndipo alipotajwa yeye, kwa jina, na beti lilikuwa lake.

Kipande bado kiko ndani ya kiberiti. Kimekunjamana, lakini sentimita zote 20 zimo. Jumamosi nitakilaza kati ya kurasa za kitabu kizito, kisha nitoe wembe na selotepu.